Noah yangu imeoza chini: nipige lami, nta au oili?

Mama Pembejeo, Himo

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Ninauza mbegu na pembejeo Himo. Gari langu la kazi ni Toyota Noah ya 2005, limetoka Japani, na huu ni mwaka wa sita nikiwa nalo. Kwa injini sina lalamiko. Miaka yote nimekuwa nikilitazama kwa juu: rangi inang'aa, milango inafunga vizuri, nikajua ni zima.

Jumamosi iliyopita nilipata pancha Kiboriloni nikielekea Moshi mjini. Kijana wa pancha akaweka jeki mahali pake, pale kwenye kizingiti chini ya mlango palipotengenezwa kwa ajili ya jeki. Akaanza kupampu. Gari halikupanda. Nikasikia mlio kama mtu anakanyaga majani makavu ya mgomba, na jeki ikazama ndani ya kizingiti kama kidole kwenye parachichi lililoiva. Alipoitoa, magamba ya kutu yalimwagika chini, mengine makubwa kama kucha ya dole gumba. Akaniambia, "Mama, huku chini gari limekwisha." Niliyaokota yale magamba nikayatia kwenye kopo, ninayo hadi leo dukani.

Nimeshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza anataka kupuliza oili chafu iliyochanganywa na dizeli, 40,000 na kazi ni ya saa moja. Wa pili anataka kupiga andakoti nyeusi ya lami chini kote kwa 280,000, na ameniambia nitasahau habari ya kutu kwa miaka kumi. Wa tatu amekataa kupaka chochote mpaka ang'oe viti na kapeti aone kwa ndani. Huyo anatumia dawa ya nta ya makopo na anasema kila mwaka lazima nirudi. Ni ghali kuliko wote, na ndiye pekee ambaye hakuniahidi chochote.

Kuna jambo ambalo sikumwambia fundi yeyote. Hili gari linabeba mbolea. CAN, DAP, urea, mifuko ya kilo 50, na msimu ukikaribia ni mara mbili kwa wiki kutoka Moshi, mingine napandisha Marangu na Rombo. Mifuko inatoboka. Nafagia kila siku, lakini chembe zinazama chini ya kapeti. Mimi ninajua CAN ikiachwa wazi usiku mmoja asubuhi imelowa yenyewe bila mvua. Sasa najiuliza, huko chini ya kapeti imekuwa ikifanya nini miaka sita?

Sasa ni mwisho wa Januari, masika ni Machi. Mwanangu anaingia kidato cha tano Julai. Pesa ya kufanya kosa halafu nirudie sina. Naombeni mnisaidie kuchagua.

Mjukuu wa Machame

Shikamoo mama. Piga oili chafu, usisumbuke. Babu yangu alikuwa na Land Rover ya kubebea kahawa Machame, kwenye lile tope letu lisilokauka. Kila mwaka mvua ikiisha anaingia chini na brashi na galoni ya oili iliyomwagwa kwenye injini, anapaka chasisi yote. Ile chasisi ipo nyuma ya nyumba mpaka leo, ukiigonga inalia. Hizi dawa za makopo ni biashara.

Fundi Bodi, Unga Limited

Mama, pole sana. Ninafanya bodi na rangi hapa Unga Limited, Arusha, tangu 1998. Nitaandika kwa kirefu, maana swali lako hili nililijibu vibaya kwa wateja nilipokuwa kijana na sitaki ulipie kosa lile lile.

Nianze na mbolea, uliyoitaja mwisho. Mwambie fundi wako leo. Mbolea nyingi ni chumvi. Si ya kula, lakini kwa bati ni chumvi tu. Chuma kinahitaji maji na hewa ili kishike kutu, na chumvi ikiingia kwenye yale maji kazi inakwenda mbio, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri na kutu yenyewe ni kazi ya umeme mdogo mdogo kati ya sehemu moja ya bati na nyingine. Umesema mwenyewe CAN inalowa usiku bila mvua. Basi chini ya kapeti yako kuna maji ya chumvi kiangazi na masika, hata gari likiwa limelala kwenye banda.

Ndiyo maana nakwambia kizingiti chako hakikuoza kutoka nje. Kile si bati moja. Ni boksi, mabati mawili au matatu yamekunjwa na kuchomelewa pamoja, ndani ni wazi. Chini yake kiwandani waliacha matundu madogo ya kutolea maji. Vumbi letu jekundu likichanganyika na maji linayaziba kama udongo wa mfinyanzi. Kinachotiririka kutoka sakafuni kinaingia mle kinakosa pa kutokea. Bati linaliwa kutoka ndani kuja nje, na siku rangi ya nje inapofura kidogo kama lengelenge, ujue ndani kwa kiasi kikubwa limekwisha. Jeki yako imekuonyesha mwisho wa safari, haikuonyesha mwanzo.

Sasa lami. Lami si dawa mbaya. Na zile nyeusi zenye mpira si mbaya. Zikipakwa juu ya bati safi, lililosuguliwa, likapigwa praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza, likakauka, zinapokea kokoto vizuri kuliko kitu kingine chochote. Ubaya wake ni pale inapopigwa juu ya kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inaendelea kufura na kuisukuma lami kutoka kwenye bati. Inapatikana nafasi nyembamba kati ya lami na bati, ukitokea hata ufa mwembamba kama unywele, maji yanajivuta yenyewe kuingia, na kutoka hayawezi. Huko nje wewe unaona nyeusi inang'aa.

Mwaka 2009 nilipiga lami chasisi ya Hilux ya mzee mmoja mfanyabiashara wa mbao Usa River. Kulikuwa na kutu ya juu juu, nikapitisha brashi ya waya dakika ishirini, nikafunika. Alinilipa akiwa na furaha. Baada ya miaka mitatu akarudi, gari linalia nyuma likipita kwenye matuta. Niliingia shimoni, lami yangu ilikuwa safi kabisa. Nikasukuma bisibisi pale kwenye kikuku cha springi, ikaingia mpaka mpini. Lami ilikuwa imeshika umbo la chasisi ambayo haipo tena. Mzee yule alikuwa anabeba mbao tani nzima juu ya kitu kile, na vijana wamekaa juu ya mbao. Nililala siku kadhaa nikiwaza barabara ya mteremko. Chasisi nilimbadilishia kwa nguvu zangu, na tangu siku hiyo sipigi lami juu ya kutu, hata mteja akinibembeleza.

Kuhusu nta na lanolini. Nta ni hizi kama Dinitrol na Waxoyl. Lanolini ni mafuta yanayotoka kwenye sufu ya kondoo, mfano Fluid Film. Hizi hazigandi kama ganda. Zinabaki laini, zinatambaa kwenye maungio ambako mabati mawili yamelaliana, mahali ambapo brashi haifiki wala msasa haufiki. Zikikwaruzwa kidogo, nyingi zinajifunga zenyewe. Na jambo ninalolipenda kuliko yote, unaona kinachoendelea chini yake. Kutu ikianza tena, unaiona, hujafunikwa macho. Udhaifu wake nao ni wa kweli: mashine ya presha inaziondoa, vumbi linazishika, na lazima zirudiwe. Lanolini kila mwaka. Nta ngumu kidogo inaweza kuvuka miaka miwili, lakini ikague kila mwaka.

Kwa hiyo fundi wako wa tatu ndiye anayeongea kama mtu aliyewahi kuharibu akajifunza. Mimi ningemfuata yeye.

Kijana wa Machame, babu yako hakukosea kwa wakati wake. Oili inazuia maji kugusa chuma, hilo ni kweli, na Land Rover ya zamani ina chasisi ya bati nene ukilinganisha na Noah. Noah haina hata chasisi ya peke yake, bodi yenyewe ndiyo chasisi, kizingiti kikioza gari linakosa uti wa mgongo. Halafu oili iliyotoka kwenye injini imebeba asidi na uchafu wa vyuma vilivyosagika, inalainisha bushi za mpira mpaka zinafura, na anayeilalia chini mwaka baada ya mwaka inamwingia kwenye ngozi. Ina vitu vinavyoleta saratani. Isitoshe inadondoka, na Himo na Machame wote mnanywa maji ya mifereji na visima. Mimi vijana wangu nimewakataza.

Mama, kabla hujatoa hata shilingi, chukua nyundo ndogo upite chini ukigonga taratibu. Bati zima lina mlio mkavu. Lililooza linajibu kwa sauti butu, kama unagonga kibuyu kilichojaa. Weka alama kwa chaki. Rudi hapa utuambie umeweka alama ngapi.

Dereva wa Natron

Habari za kazi wakuu. Mimi naendesha watalii, Land Cruiser ya vyuma, na njia yangu kubwa ni Mto wa Mbu, Engaruka mpaka Ngare Sero. Namuunga mkono fundi ila nina la kuongeza kutoka barabarani.

Vumbi la kule si vumbi la Moshi. Ni magadi, na ndani yake kuna chumvi ya kawaida pia. Ol Doinyo Lengai ndio mlima pekee duniani unaotoa lava ya magadi wakati huu, na majivu yake ya 2007 na 2008 yalituangukia sote. Magadi yakilowa yanashika chini ya gari kama saruji. Wenzangu wenye Defender wanaumia zaidi, maana bodi ile ni alumini na magadi hula alumini. Halafu alumini ikikutana na chuma cha chasisi kwenye unyevu wa chumvi, alumini inaliwa zaidi pale zinapogusana. Utaona poda nyeupe kwenye boliti.

Tatizo la nta kwa gari langu ni kwamba inakamata lile vumbi, inatengeneza tabaka. Fundi wetu alinifanyia hivi na imenifaa mwaka wa nne sasa: ndani ya madigadi, pale matairi yanaporusha kokoto, alisafisha mpaka bati jeupe, akapiga epoksi, juu yake ile nyeusi ngumu yenye mpira. Ndani ya chasisi, kwenye maboksi, akapuliza nta. Kila mahali dawa yake. Na nikirudi kutoka safari sisubiri kesho. Nafungua bomba la kawaida, maji mengi yasiyo na presha kubwa, naloweka kwanza ndipo naosha, na naelekeza mpira wa maji juu ya chasisi, si chini tu. Pale juu ndipo panapojaa magadi na hakuna anayepaona.

Mwagizaji, Sakina

Mama, tafuta karatasi ya mnada ya gari lako, ile ya ukaguzi lilipouzwa Japani, kama bado unayo. Mimi ninaagizia watu magari kutoka Japani na hicho ndicho kitu cha kwanza kutazama, kabla ya kilomita. Kwenye mchoro wa gari, herufi S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Kwenye maelezo ya mkaguzi ukiona maneno yanayosomeka "shitamawari sabi", ni kutu ya sehemu ya chini. Angalia na mnada ulifanyika wapi. Ukiwa Sapporo, hiyo ni Hokkaido, kaskazini kwenye theluji. Wajapani walipitisha sheria ya kuzuia matairi ya misumari, yale ya kushika barafu, mwaka 1990 kwa sababu ya vumbi lililokuwa linachimbwa barabarani, na baada ya hapo chumvi ya kuyeyushia barafu ikamwagwa kwa wingi zaidi. Gari la huko linafika Dar likiwa tayari na kutu changa ndani ya maboksi. Wewe ukaongeza mbolea.

Na asidhani mtu kwamba hili ni la magari ya bei ndogo. Mwaka 2016 huko Marekani Toyota ilikubali suluhu ya hadi dola bilioni 3.4 na wamiliki wa Tacoma, Tundra na Sequoia, magari kama milioni 1.5, waliodai chasisi zao hazikukingwa kutu ipasavyo.

Mama Pembejeo, Himo

Nimerudi. Asanteni sana, na fundi wa Unga Limited Mungu akubariki kwa kusema ukweli wa ile Hilux.

Karatasi nimeipata ndani ya kitabu cha gari. Mnada ulikuwa Sapporo. Pale chini ya mlango wa nyuma wa kushoto kuna S mbili. Miaka sita ile karatasi imelala kwenye droo ya gari na sikujua inaniambia nini.

Tumeng'oa viti na kapeti mimi na mdogo wangu. Chini ya kapeti upande wa kushoto, pale ninapopanga mifuko, kulikuwa na tope jeupe na kahawia, bichi, na hatujapata mvua wiki tatu. Nililigusa nikanusa, ni harufu ya dukani kwangu. Nimegonga kama ulivyoelekeza, nina alama za chaki kumi na moja: kizingiti cha kushoto saba, cha kulia mbili, sakafu ya nyuma mbili. Zile za kulia sina hakika, mlio wake uko katikati.

Maswali mawili. Kuna fundi hapa Himo amesema atanizibia yale matundu kwa wavu na pati, ile ya kujazia bodi, kisha apake rangi, 90,000, "na hata trafiki hataona." Na shemeji yangu yuko Dar, anasema kuna kifaa kinafungwa kwenye betri kinazuia kutu kwa umeme, hakuna haja ya kupaka chochote. Nisikie lipi?

Fundi Bodi, Unga Limited

La pati nalijibu kwa kifupi: hapana. Nimefungua vizingiti vilivyojazwa gazeti, wavu wa kuku na pati, vimepakwa rangi safi. Pati haibebi gari. Mbaya zaidi inanyonya maji na kuyashikilia. Siku umepata ajali ya ubavuni, kizingiti ndicho kinachosimama kati ya mlango na miguu ya anayekaa. Trafiki kutoona si kinga yako.

Kifaa cha umeme: kanuni yake ipo na ni ya kweli, lakini si kwa gari. Meli pale Tanga ina vipande vya zinki vimefungwa chini, vinaliwa vyenyewe badala ya chuma. Bomba la mafuta lililozikwa ardhini linakingwa kwa umeme. Inawezekana kwa sababu meli imezama majini na bomba limezungukwa na udongo wenye unyevu, hivyo umeme una njia ya kurudi. Gari limezungukwa na hewa. Njia haipo. Mwambie shemeji yako asinunue.

Sasa kazi yako ilivyo, kwa jinsi ninavyoiona kutokana na alama zako. Kushoto kizingiti kinakatwa. Fundi akate mpaka afike kwenye bati linalong'aa, asiishie pale linapoonekana afadhali. Achomelee bati jipya, unene wa geji 18 unatosha. Betri itolewe vichwa kabla ya kuchomelea, na mabomba ya mafuta na breki yasogezwe au yakingwe, hili mkumbushe hata kama ni mzoefu. Kulia, alama mbili, mwambie atoboe tundu dogo achungulie kwa tochi. Pengine mtawahi bila kukata.

Kabla ya yote hayo, mbolea itoke. Kufagia hakutoshi. Chumvi huondoka kwa maji, na maji mengi: sakafu ioshwe, vizingiti vimiminiwe maji mpaka yanayotoka kwenye matundu yawe safi. Najua inashangaza kumwaga maji ndani ya kitu kinachooza, lakini ukipaka nta juu ya chumvi umeifungia ndani na itaendelea kula chini ya nta. Baada ya hapo gari likae juani siku mbili nzima, milango wazi, kapeti nje. Februari Moshi jua lipo, ndiyo maana nafurahi umeuliza sasa. Mtu akiniletea Julai, Arusha ikiwa na ukungu na baridi, kazi kama hii namwambia asubiri au alipie banda lenye joto.

Bati likishakauka, kutu nyepesi inayobaki kwenye sakafu isuguliwe kwa grainda yenye brashi ya waya, ipakwe dawa ya kugeuza kutu. Ile ina asidi ya fosforiki au tanini, inaigeuza kutu kuwa kitu cheusi kisichoendelea kula. Inafanya kazi kwenye kutu nyembamba. Magamba haiyawezi, na anayekwambia inayaweza anataka kuuza chupa. Juu ya bati jipya na mishono ya kuchomelea, praima ya epoksi. Redoksaidi ya kupaka mageti usikubali iwe ndiyo mwisho, ile inapitisha maji.

Ndipo nta. Na hapa simama mwenyewe uone: fundi awe na mpira mrefu wenye pua inayopuliza pande zote, auingize kwenye kizingiti kupitia vizibo vya mpira vilivyoko pembeni, aufikishe mwisho, avute polepole huku anapuliza. Kuchomelea kunaunguza kinga yote ya ndani, kwa hiyo bati jipya lisilopulizwa kwa ndani litakuwa limekwisha baada ya masika chache tu. Kwa Noah nategemea lita mbili hivi ndani ya maboksi na milango, na nne kwa chini. Afunike diski za breki, eksozi na mipira ya kushikilia injini. Nta ikigusa diski huwezi kusimama. Kwenye eksozi itatoa moshi na inaweza kushika moto.

Akimaliza, siku ya pili achukue waya apitishe kwenye kila tundu la kutolea maji. Nta huwa inayaziba. Hili dogo ndilo nimeliona likiharibu kazi nzuri kuliko jingine lolote.

Mkazi wa Njiro

Fundi, samahani naingilia. Mimi nina gari ambalo chini ni safi kabisa, halijawahi kuona chumvi, nimeliagiza kutoka kusini mwa Japani. Je, na mimi nikimbilie nta?

Fundi Bodi, Unga Limited

Wewe una bahati. Bati lako lina kinga ya kiwandani bado. Osha, kausha, ndani ya maboksi pulizia nta, na kwenye madigadi weka ile ngumu kama Dereva wa Natron alivyofanya. Usimruhusu mtu aje na grainda kukwangua rangi ya kiwandani iliyo nzima ili "ishike vizuri." Hiyo ndiyo kinga bora utakayowahi kuwa nayo, na ukishaitoa hairudi.

Mama Pembejeo, Himo

Wapendwa, natoa taarifa.

Kazi amefanya yule fundi wa tatu, Moshi. Imechukua siku tisa. Alipokata kizingiti cha kushoto alinipigia simu niende kuona kabla hajachomelea, na nilishukuru. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu uliogandamana, unaingia kwenye ndoo ndogo na kuijaza, na katikati ya udongo mistari myeupe ya mbolea kama mafuta kwenye nyama. Tundu la kutolea maji hata moja halikuwa wazi. Kulia alitoboa akachungulia, bati lilikuwa limeanza kuliwa lakini bado lina nguvu, halikukatwa. Fundi wa Unga Limited, ule mlio wa katikati ulikuwa ni hivyo.

Gharama yote imefika 740,000. Ni kubwa kwangu, nimeuza mbuzi wawili na nimechelewesha rangi ya duka. Lakini nimeona kwa macho kila kilichofanyika, na picha ninazo.

Mbolea sasa nimeibadilishia utaratibu. Nimetandika turubai zito lililokunjwa kingo juu kama sinia, mifuko inakaa humo, na jioni turubai linatoka lote linakung'utwa nje. Kapeti nimeacha kuirudisha upande wa nyuma, ili nione bati. Kila Jumapili napitisha kiganja sakafuni. Mpaka leo ni kavu.

Juzi usiku mvua ya kwanza ya masika imeshuka Himo. Asubuhi nilitoka na kanga begani, nikachuchumaa pembeni ya gari. Kizingiti cha kushoto kilikuwa kinadondosha maji kutoka matundu manne, tone baada ya tone, maji safi. Nikazunguka upande wa kulia nikahesabu. Matatu yalikuwa yanadondosha, la nne halikuwa. Nikaenda ndani kutafuta waya.